Betri ya Shemeji

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya betri nne za lori zilizokufa siku nyingi, na limekaa mbele ya duka la kuchaji betri, pale barabara inapokata kona kwenda zahanati. Mwenye duka anaitwa Chaji. Jina lake halisi hulikumbuka akiwa anasaini kitu tu. Saa nne asubuhi birika la kahawa hufika, na nyuma yake hufika Kinyozi, ambaye kwa maelezo yake wateja hawaoti nywele kabla ya adhuhuri, na Wakili, aliyekuwa tarishi wa mahakama miaka thelathini akastaafu na maneno ya mahakimu bila mshahara wao. Siku hiyo alikuwepo pia Sumaku, fundi wa kuchomelea, shemeji yake Chaji. Alivaa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, maana saa nane mchana mashine yake ilikuwa inakwenda kuunganishwa zahanati.

— Kuanzia saa nane leo, — Wakili alisema, akipuliza kahawa, — zahanati yetu haitegemei nguzo ya mtu wala dizeli ya mtu.

— Na jenereta? — Kinyozi aliuliza.

— Lori linakuja kulichukua. Linapelekwa zahanati ya ng'ambo, ambako hawana hata koroboi.

Sumaku alitabasamu tu, akaangalia viatu vyake. Chaji, aliyekaa naye bega kwa bega, aliliona lile tabasamu, akaitua kahawa yake.

Chaji alikuwa na jambo, na jambo lenyewe lilikuwa linamla. Mashine ya Sumaku ilikuwa gurudumu zito la chuma lililopangwa sumaku pembeni. Gurudumu linazungusha dinamo, dinamo inachaji betri, betri inazungusha mota, na mota inalizungusha tena gurudumu. Inajilisha yenyewe, haitaki mafuta wala jua. Ila betri hiyo hiyo kila ilipoishiwa, Sumaku aliibeba mpaka dukani na kusema, "Niamshie tu, shemeji, mashine bado changa." Mwanzoni ilidumu siku mbili. Kuna siku Chaji alimkuta mwenzake ameiinamia ile betri, mabega yameshuka. Akamwonea huruma. Sumaku alipoondoka, Chaji akaifungua, akatoa seli zilizochoka akatia nzima. Ikadumu siku nne, na Sumaku akaja mbio kumwambia kwamba mashine inakomaa.

Basi hapo Chaji afanye nini? Safari iliyofuata akatia seli bora zaidi. Sasa ilikuwa imefika siku tisa, na kwenye ukuta wa karakana Sumaku alichora kwa chaki mstari unaopanda, akamwita daktari wa zahanati auone. Daktari aliuona, akaamini. Mstari wote ule ulikuwa kazi ya mikono ya Chaji.

Na chanzo chake ni msiba. Mke wa Chaji, dada yake Sumaku, alifariki pale zahanati miaka minne iliyopita, umeme umekatika, tangi la jenereta limekauka, watu wanahangaika huku na huku na madumu kutafuta dizeli. Waliporudi kutoka makaburini, Sumaku akaanza kukata vyuma. Alisema hatakufa mtu mwingine kwa kungoja dizeli. Chaji yeye alirudi akakaa kimya, na tangu hapo kimya kikawa ndiyo tabia yake.

— Mimi najiuliza kitu, — alisema Kinyozi. — Kama jambo lenyewe ni rahisi hivi, mbona wakubwa wa dunia hawakulitengeneza?

— Walilitengeneza wakalifukia, — Wakili akamjibu. — Mwenye visima vya mafuta atakubali? Mafaili nimeyabeba kwa mikono yangu hii.

— Mafaili ya mashine?

— Ya mtu aliyeshtakiwa kwa kuiba waya. Lakini ukisoma kwa makini unauona mkono wa wakubwa.

— Sasa waya unahusiana nini na mashine?

— Swali lako limepokelewa. Kunywa kahawa.

Kinyozi hakukubali kuachwa nyuma.

— Kwanza umeme umejaa tele. Chana nywele kavu gizani uone cheche zinavyoruka. Hicho ni kichwa kimoja. Sasa piga hesabu ya vichwa vya mji mzima. Mimi kila jioni nafagia umeme pale kibandani naupeleka jalalani.

— Nywele ni kitu kidogo, — Wakili alisema kwa uzito. — Dunia hii inazunguka tangu iumbwe. Nani anaitia dizeli? Gurudumu la Sumaku likishikana na mzunguko wa dunia, tutapata umeme, na tukitaka tutausogeza hata mchana.

— Tuusogeze wapi?

— Mbele kidogo. Watu wamalize kazi zao.

Sumaku alicheka kidogo, kwa adabu. Hakuwa mtu wa maneno makubwa. Alikuwa na chuma chake na mstari wake wa chaki, vinamtosha.

— Haya, Chaji, — Wakili akamgeukia. — Mtaalamu ni wewe. Daktari mwenyewe alisema akisikia neno lako hana haja ya mhandisi.

— Nilimwambia nimeiona ikizunguka.

— Si ndiyo hiyo sasa.

Chaji akainamia kikombe. Alijichukia. Mara kumi tangu alfajiri alikuwa ameshapanga la kusema, na mara kumi alipomtazama shemeji yake na lile shati, maneno yalirudi tumboni.

Wakati huo akaja mama mmoja kijana kutoka upande wa zahanati, ameshika chupa ya chai tupu. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyekesha.

— Hamjambo, wazee wangu.

— Hatujambo, binti. Karibu ukae.

— Nashukuru, sikai. Mama yangu amelazwa pale, leo siku ya tano, anapumulia mashine ya oksijeni. Nimeambiwa mwenye mashine hii mpya yuko hapa.

Sumaku akasimama.

— Ni mimi, mwanangu. Usiwe na wasiwasi. Nimeitengeneza kwa ajili ya watu kama mama yako.

— Asante, baba. Nimeipita sasa hivi pale kwenye kibaraza cha zahanati, nikaona ina betri kubwa. Nikawa najiuliza tu. Kama inajiendesha yenyewe, betri ya nini?

Kinyozi akazungusha kikombe chake kana kwamba jibu liko kwenye masimbi ya kahawa. Sumaku ndiye aliyejaribu.

— Ya kuanzia. Shemeji yangu huiamsha kidogo. Lakini inazidi kuimarika. Zilikuwa siku mbili, sasa ni tisa.

— Siku tisa ikiwa inawasha nini?

— Balbu, — alisema Sumaku. Halafu, taratibu zaidi: — Balbu ndogo.

Yule mama hakumcheka wala hakubisha. Alisema tu:

— Sikuja kuwaudhi. Nataka kujua kama nimhamishe mama kabla ya saa nane.

— Usimhamishe, — alisema Chaji. — Jenereta halitoki.

Wote wakamgeukia.

— Shemeji? — Sumaku alisema.

— Nilikuwa nabadilisha seli, shemeji. Ukishaondoka naifungua. Zile siku nne ni mimi. Hizi tisa ni mimi. Mashine yako haijawahi kuitia ile betri chochote. Ukiiunganisha na mashine ya oksijeni, haifiki jioni.

Yule mama alimtazama Chaji, akamtazama Sumaku, akasema asante kwa sauti ndogo, akarudi haraka kwa mama yake. Wakili hakutafuta neno la mahakama. Alimgusa Kinyozi begani, wakaondoka wote wawili na vikombe vikiwa vimejaa nusu.

Sumaku akaketi.

— Tangu lini?

— Tangu mwaka juzi.

— Mwaka juzi. Mwaka juzi nilikuwa nimeshaamua kuacha. Nilisema betri ikiisha safari hii basi, navikata vile vyuma nichomelee mageti ya watu. Ikakaa siku nne. Nililia siku ile, shemeji. Nilidhani dada ameniombea.



— Nilikuonea huruma.

— Huruma ya miaka miwili?

— Niliogopa pia. Ukiiacha mashine, huna tena sababu ya kuja hapa. Mimi nitabaki na nani wa kumkumbuka naye dada yako?



— Ningekuja, — Sumaku alisema. — Ningekuja kukaa tu.

Akachomekea shati lake vizuri, akasimama.

— Twende kwa daktari kabla lori halijafika. Utasema wewe. Mimi mdomo hautafunguka.

Chaji akaacha duka wazi, akamfuata.