Getruda Luhende, Aliyetuchorea Boti Kabla Hazijaelea

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Getruda Luhende anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Boti ya Jayant kwa miaka thelathini na mitatu. Karibu kila chombo kilichoshuka majini kutoka ufukoni kwetu katika kipindi hicho kilianzia kwenye karatasi yake. Wengi tunamwita Mama Selina, kwa jina la bintiye wa kwanza, na ndivyo tutakavyomwita hapa. Ukiita "Bi. Getruda" karakana nzima, hakuna anayegeuka, hata yeye mwenyewe.

Mama Selina alizaliwa Kisesa katika familia ya wakulima wa pamba. Baba yake alitaka asomee ualimu. Yeye akaenda chuo cha ufundi na kuchagua uchoraji wa michoro ya kiufundi, jambo ambalo nyumbani halikueleweka vizuri mpaka siku alipomchorea baba yake banda la ng'ombe, likajengwa, na halikuvuja. Mwaka 1993 alikuja kwetu kuomba kazi. Mzee Jayant, mwanzilishi wa karakana hii, hakumuuliza habari za vyeti. Alimpa penseli na kumwambia achore kiti alichokuwa amekalia yeye mzee.

"Shikamoo, mzee," akajibu msichana yule. "Naomba uinuke kwanza. Miguu ya nyuma siioni."

Mzee Jayant aliinuka. Hadithi hiyo aliisimulia kwenye harusi za watoto wake wote, na kila mara kiti kilizidi kuwa kikubwa.

Kwa wasomaji ambao kazi yao haiwafikishi chumba cha michoro, tueleze kidogo. Boti huchorwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni karatasi ya pande: boti ikitazamwa kutoka mbele, kisha ubavuni, kisha juu, kila upande peke yake na vipimo vyake. Fundi anayeijua anaweza kujenga boti nzima kwa karatasi hiyo. Asiyeijua huona mistari tu. Njia ya pili ni mchoro wa picha, unaoonyesha pande tatu kwa mpigo, boti ikiwa imekaa kimshazari, na hata bibi aliyeleta samaki mlangoni atakuambia hiyo ni boti. Mama Selina alizipenda njia zote mbili, lakini alikuwa wa kwanza kutuambia kwamba mchoro wa picha ni rafiki mwenye maneno matamu, na rafiki wa namna hiyo lazima umjue.

Alijifunza hilo mapema. Mteja mmoja aliyetaka boti ya kutembeza wageni aliomba achorewe kama jicho linavyoona, sehemu ya mbele ikiwa kubwa karibu na mtazamaji na ya nyuma ikisinyaa kwa mbali. Mama Selina alifanya kazi hiyo wiki nzima, akaipaka na rangi. Mteja aliipenda, akaweka sahihi papo hapo. Boti ilipokamilika, aliizunguka akiwa amevaa suruali nyeupe, akasema, "Ile ya kwenye karatasi ilikuwa ndefu zaidi." Mama Selina hakubishana. Alimshika mkono, akampeleka karibu kabisa na pua ya boti na kumwomba achuchumae. Mteja akachuchumaa mchangani, suruali na yote. Akatazama. "Sawa," akasema baadaye, "ndiyo hii." Tangu siku hiyo Mama Selina husema mchoro wa namna ile ni wa kuchumbia, si wa kuolea. Unavutia moyo, lakini huwezi kuupima kwa rula.

Kazi ambayo sisi wote tunaikumbuka zaidi ni boti ya wagonjwa ya mwaka 2010. Wananchi wa kisiwa kimoja upande wa Ukerewe walichangishana, wakaja na muuguzi wao, Sabina, mkunga wa zahanati. Mwaka uliotangulia, mama mmoja mjamzito alimfia Sabina njiani, ndani ya mtumbwi wa mizigo, mvua ikiwanyeshea wote. Sabina hakulisimulia jambo hilo kwa kirefu. Alisema tu kwamba hataki kuvuka tena namna ile.

Mama Selina aliwafungulia karatasi ya pande. Wageni wakainama, wakatazama, wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeuliza swali. Ukimya ule haukumpendeza.

"Muuguzi," akasema, "hebu nionyeshe mgonjwa atalala wapi."

Sabina akaweka kidole, bila wasiwasi wowote, juu ya tangi la mafuta.

Hakuna aliyecheka. Mama Selina aliikunja karatasi taratibu, akawaambia kosa si lao, kwa kuwa karatasi hiyo huchorwa kwa ajili ya mafundi, na akawaomba warudi baada ya wiki moja. Waliporudi walikuta mchoro wa picha wa aina inayoitwa isometriki. Paa lilikuwa limeondolewa, ubavu mmoja umekatwa ili ndani kuonekane, na juu ya kitanda amelala mwanamke aliyefunikwa khanga. Chumba kikajaa maneno. Mzee mmoja akauliza mihogo itawekwa wapi, akaambiwa boti hii haibebi mizigo, akasikitika waziwazi. Mwingine akataka mlango uwe mpana zaidi, kwa sababu machela yao ya miti ni mapana. Sabina alikuwa bado anautazama mchoro.

"Na mimi nitakaa wapi?" akauliza mwishowe.

Mama Selina akasogea.

"Mama akianza kujifungua njiani, mimi natakiwa niwe hapa, kwenye miguu yake. Hapa mmeweka sanduku."

Ilikuwa kweli. Sanduku la vifaa lilikuwa kwenye karatasi zote tangu mwanzo, limepimwa vizuri, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba limekaa mahali pa mkunga. Mama Selina alichukua kifutio, akalifuta sanduku mbele ya macho yao, akachora kigoda. Kwa faida hiyo moja tu, mchoro wa picha ulikuwa umelipa taabu yake: uliwawezesha watu watakaoitumia boti kuizungumzia kabla haijajengwa.

Hasara ilikuja mwezi uliofuata. Mhoja, fundi wetu mkuu wa kuchomelea, aliupenda mchoro ule kupita kiasi. Aliubandika ukutani juu ya meza yake, na karatasi za pande zikabaki kwenye droo. Kazi ilikuwa ya haraka, masika yalikuwa yanakaribia, na mchoro ulikuwa mbele ya macho. Akawa anapima kutoka kwenye picha. Sasa, katika isometriki, mistari inayofuata urefu, upana na kimo hubaki na kipimo chake cha kweli. Lakini mstari unaokatiza kimshazari huonekana mrefu au mfupi kuliko ulivyo, duara hugeuka umbo la yai, na upande wa nyuma hauonekani kabisa. Nguzo za kushikilia paa la boti ile zilikuwa za mshazari. Mhoja alizipima kwa rula, akakata mabomba yote ya alumini, na yote yakawa mafupi. Mabomba yale yalikuwa yametoka Dar es Salaam, na mengine hayakuwepo Mwanza.

Mama Selina alimkuta ameketi sakafuni, kinyago cha kuchomelea bado kiko juu ya paji la uso, mfuko wa zana uko tayari pembeni.

"Picha yako imenidanganya, Mama Selina."

Mama Selina alikuwa amevaa gauni lake la kitenge kipya siku hiyo. Aliketi sakafuni, kwenye vumbi la chuma, kando yake.

"Haikukudanganya, Mhoja. Ilisema inachokijua. Mimi ndiye sikukwambia kile isichokijua."

"Naondoka kabla mzee hajaja."

"Ukiondoka, Sabina atajengewa na nani?"

Mhoja alivua kinyago. Walikaa pale muda mrefu, mpaka wenzao wakaacha kuwachungulia. Kisha wakaenda pamoja kwa Mzee Jayant. Mzee aliuliza kosa ni la nani, na wote wawili wakajibu kwa wakati mmoja, "Langu." Mzee Jayant akawatazama mmoja baada ya mwingine, akaagiza chai. Walipomaliza chai ndipo akauliza, "Mabomba mafupi yanafaa kwa kazi gani?" Mama Selina alikuwa ameshafikiri. Yakawa vishikio vya mkono pembeni mwa mlango, na miguu ya kile kigoda.

Mabomba mapya yalichelewa, na mvua zikatangulia. Katika majuma yale Sabina alilazimika kuvusha wagonjwa wawili kwa mtumbwi uleule wa zamani. Kila mara alipiga simu kabla ya kuondoka na baada ya kufika. Wote walifika salama, lakini kati ya simu ya kwanza na ya pili Mama Selina alikuwa hashiki penseli wala hagusi chakula. Mama lishe wetu alimfunikia sahani na kuipeleka nyumbani kwake Buhongwa.

Boti ilishushwa majini mwezi wa Aprili. Haikupita muda mrefu simu ikalia asubuhi moja, Sabina akiwa gatini.

"Amezaliwa katikati ya ziwa," akasema. "Wa kike. Nilikuwa nimekaa palepale ulipofuta sanduku."

Mama Selina aliinuka. Alishuka ngazi hadi kwa Mhoja, akamwekea simu sikioni. Mhoja alisimama pale akisikiliza kitoto kinalia, mpaka salio la Sabina likaisha.

Baada ya hapo ikawa sheria: hakuna mchoro wa picha unaotoka chumba cha michoro bila maneno USIPIME HAPA kwa herufi kubwa chini yake, na hakuna unaobandikwa ukutani bila karatasi ya pande kubandikwa kando yake. Yakaanza na masomo ya Jumatano, baada ya chakula cha mchana. Mama Selina alinunua sabuni ya mche, akaikata kwa kisu kuwa ngazi, kabari, kipande chenye tundu. Kila fundi alipaswa kuchora kipande chake kutoka pande tatu, kisha kukichora kama picha, kisha kusema picha imeficha nini. Mhoja alikuwa wa kwanza kukaa na wa mwisho kuondoka, na leo ndiye anayewasomesha mafundi wapya. Sabuni zilizokwisha kuchorwa zilipelekwa bombani. Mtu aliweza kunawa mikono kwa ngazi na kuoga kwa kabari.

Kompyuta zilipoingia, chini ya uongozi wa Khushboo, mjukuu wa Mzee Jayant, wengine walidhani Mama Selina atakataa. Alikuwa wa kwanza kujiandikisha kwenye mafunzo. Alifurahi kuona boti ikizungushwa kwenye kioo mpaka upande wa nyuma nao ukaonekana, kama miguu ya kile kiti cha mzee. Lakini alitukumbusha pia kwamba mteja akiona kitu kinazunguka na kung'aa huamini kimeshajengwa, na husahau kuuliza maswali. Khushboo alimsikiliza. Mpaka leo, mteja haondoki hapa kabla hajaulizwa aonyeshe kwa kidole mahali atakapokaa.

Mama Selina anarudi Kisesa, ambako mumewe, Bwana Luhaga, amekuwa akisimamia ujenzi wa nyumba yao tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa na kazi yake ya kivukoni ikaisha. Nyumba imechorwa na nani, hatuna haja ya kusema. Bwana Luhaga aliomba na picha yake, akapewa, na tunasikia ameshaanza kuuliza mbona baraza si kubwa kama alivyoiona. Tunamtakia moyo wa kuchuchumaa.

Kuna jambo moja ambalo wengi wetu hatukulijua hadi wiki iliyopita. Mama Selina anaogopa maji. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kupanda hata boti moja kati ya alizozichora. Alikuwa akifika ukingoni kila zinaposhushwa, anapunga mkono, anarudi juu ofisini. Ijumaa, Mhoja alimfuata chumba cha michoro akiwa ameshika jaketi la kuokolea.

"Kaa hapa katikati, Mama Selina," alimwambia walipofika botini. "Mimi niko kando yako."

Boti ikatoka polepole, ikapita mawe, ikaingia maji makubwa. Mama Selina alikuwa amefumba macho na kuushika mkono wa Mhoja kwa mikono yake miwili. Alipoyafumbua alikuwa anaitazama karakana kutoka ziwani: paa zake zenye kutu, winchi, nguo za kazi zilizoanikwa, dirisha lake juu likiwa wazi, na sisi tumejipanga ufukoni tukimpungia.

"Kumbe tuko hivi," akasema. Kisha akamwomba nahodha azunguke upande wa pili, aone na huko.

Mama Selina, asante kwa kila mstari, na kwa kila mstari ulioufuta. Uende na afya, uikute nyumba imekamilika, wajukuu wakuchoshe kwa maswali, na siku zako zote ziwe tulivu kama ziwa la asubuhi ile. Mlango wa karakana unaujua upana wake. Pita wakati wowote.

Yeremia Shimba
kwa niaba ya wafanyakazi wenzako