Mzee Rula na Miezi Kumi na Minne ya Kodi Pungufu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuandaa mishahara ya shule yetu, Mzee Rula anastaafu. Katika jarida letu la shule, wasifu kama huu kwa kawaida huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Safari hii walimu wote, kwa bahati mbaya, wana shughuli nyingi, hivyo heshima hiyo imekiangukia kidato cha tatu.

Alianza kazi katika chumba kile kile kando ya stoo, chenye dirisha lisilofunguka na kabati lisilofungika. Jina lake la utani lilitokana na rula ya mbao anayoilaza chini ya kila mstari anaposoma tarakimu. Miaka yote hiyo mshahara haukuchelewa hata siku moja, jambo ambalo walimu walilisifu kwa kutolitaja kabisa.

Februari, akiandaa hesabu zake za kustaafu, aligundua kosa. Jedwali jipya la kodi ya mapato lilikuwa na mistari iliyobanana, na rula yake ilikaa mstari mmoja juu ya ule uliotakiwa. Kwa miezi kumi na minne wafanyakazi wote, naye akiwemo, walikatwa kodi pungufu. Hakuna aliyelalamika. Walimu wa hisabati, ambao wako wanne, hawakuona kitu.

Mwalimu mkuu alimpa ushauri wa busara: "Mzee wangu, umebakiza miezi minne tu. Si uondoke kimya kimya?" Mzee Rula akamjibu kwamba akiondoka kimya, watakaokuja kuulizwa ni waliobaki, tena na faini juu. Siku hiyo hiyo aliiandikia barua ofisi ya kodi, akaambatanisha orodha ya majina arobaini na mawili. La kwanza lilikuwa lake.

Ofisi ya kodi, isiyomjua, ilimjibu kwa adabu: kwa kuwa kosa limeripotiwa bila kusukumwa na mtu, faini imesamehewa, na deni litakatwa kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Walimu, wanaomjua, waliotufundisha uaminifu Jumatatu asubuhi, waliacha kumsalimia Jumanne. "Kosa lake, mfuko wangu!" "Na huyu naye, kimbelembele cha nini uzeeni?" Bahasha ya mchango wa kumuaga ilizunguka meza zote, ikarudi nyepesi kama ilivyotoka. Mpaka juzi haikujulikana kama Ijumaa atatoka getini akiagwa au akitazamwa tu.

Jana mchana mwalimu wa fizikia, aliyepiga kelele kuliko wote, alikuja kuuliza kama jarida limeshafungwa. Akaacha kipande cha karatasi, akaomba jina lake lisitajwe. Tumemtii. Kimeandikwa: "Mzee, nilikuwa na hasira. Ijumaa nitakuwepo." Kufikia saa ya kwenda nyumbani, vipande vilikuwa tisa.

Nasi tutakuwepo, Mzee Rula. Asante kwa miaka yote, na hasa kwa mwaka huu. Tunakuombea afya njema, usingizi mzito na pensheni isiyochelewa.