Siku Niliyochagua Kupima Mto

Shikamooni wazee wangu. Karibuni wageni mliopanda kuja kuuona mtambo wetu. Nitasema nimesimama, maana jambo hili siwezi kulisema nikiwa nimekaa.

Siku ya kupima mto tulikuwepo watu watano, nami nawataja wote. Alikuwepo fundi wa maji kutoka Korogwe mjini, na saa yake mkononi. Alikuwepo katibu wa kijiji, mzaliwa wa Kwamndolwa, wakati ule bado mgeni kwetu. Alikuwepo mdogo wangu wa kike, aliyebeba debe la kupimia. Juu ya kona ya mto, ambako hatukumwona, alikuwepo mama mmoja akimwagilia maharage yake. Wa tano ni mimi. Majina nayaacha, wenyewe mnajijua.

Mimi ni Mzigua, mtu wa Mkata. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la tano, nikapanda huku Dindira kwa mjomba na wadogo zangu watatu. Tulipokusanyika kwenye kijiji cha ujamaa tukapata jenereta ya dizeli, ya kuwasha taa za zahanati na kuendesha mashine ya kusaga. Nikapewa kuiangalia. Ufunguo wake nilikuwa nikilala nao shingoni, kwa kuwa kazi ile ndiyo iliyowalisha wadogo zangu.

Kisha zikaja habari kwamba mto wetu unaweza kuzungusha mtambo wa umeme, tuache kungojea mapipa ya dizeli kutoka Korogwe. Watu wakashangilia. Mimi niliwaza vile vichwa vitatu nyumbani. Fundi akaniuliza, "Kijana, nije siku gani?"

Nikamwambia Jumanne.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli. Jumanne ni zamu ya mashamba ya juu. Siku hiyo maji hugeuzwa kuingia kwenye mifereji yao, na huku chini mto hubaki wa kunawia miguu. Fundi hakujua, katibu hakujua. Debe lilichelewa kujaa mpaka fundi akacheka: "Maji haya hayazungushi hata tairi la baiskeli." Akaandika, akaondoka. Mdogo wangu akalimwaga debe, macho kwangu.

Tangu siku ile sikutulia. Nakagua tangi, narudi ndani, natoka tena. Watu wakanitania, "Mzigua, mashine imekuoa?" Nacheka nao, kisha narudi kukagua tangi.

Masika yakaja, barabara ikaporomoka. Pipa la mwisho likaisha. Zahanati ikakosa taa, wanawake wakarudi kwenye vinu. Siku ya nne mdogo wangu alikuwa akitwanga, viganja vina malengelenge, na mto unanguruma nyuma ya nyumba. Akausimamisha mchi.

"Kaka, huu ndio mto usio na maji?"

"Twanga."

"Sitwangi. Nenda kawaambie kwa nini ulisema Jumanne."

"Wakininyang'anya mashine mtakula nini?"

"Kwani sasa tunakula nini?"

Nikatoka na mvua ile ile. Nikasema mbele ya mkutano wa kijiji. Nilizomewa, na nilistahili. Mzee mmoja akauliza, "Huyu Mzigua zamu zetu za maji alizijua lini?" Watu wakacheka, nikapata kupumua. Katibu akauvua ufunguo shingoni mwangu kwa mkono wake.

Kiangazi fundi akarudi, akapima Jumatano. Maji yalitosha, ila kwa sharti watu wa mashamba ya juu wauachie mto mchana kutwa na jioni ya taa, wamwagilie usiku wa manane. Wakakubali. Leo maji ndiyo yanayowasha zahanati na kusaga mahindi. Dizeli tunaigusa kiangazi kikali tu. Mimi naondoa majani kwenye chujio la mtambo, kazi niliyoombewa na katibu yule yule. Namshukuru. Namshukuru fundi ambaye hakunishtaki, na mdogo wangu aliyekataa kutwanga. Nanyi wageni, kwenu mtambo ukija, yule mwenye ufunguo muulizeni mapema anaogopa nini. Mimi ningeulizwa, pengine ningesema.

Lakini yupo yule mama wa juu. Siku ile alikuwa kwenye zamu yake ya haki. Alipouachia mto, maharage yake yakakauka, maana kumwagilia usiku peke yake hakuweza. Nilimwahidi kumchimbia bwawa la kukusanyia maji ya usiku, amwagilie mchana. Kila jioni nachimba. Nimefika magotini, naye anataka kifuani. Jana alichungulia akasema, "Baba, hapo ataoga bata."

Jembe nimeliacha hapo mlangoni. Niruhusuni niende.