Papa Léopold Nzabonimpa na nyumba yenye Mama Annonciata alikatala

Papa Léopold Nzabonimpa, mwenye tumesindikiza hapa leo, alizaliwaka tarehe 9 mwezi wa tatu 1952, mu milima ya Masisi, kwa muzee Sebahire na mama Nyirarukundo. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa ya udongo chini, na mama yake alikuwa anapakaa mavi ya ngombe ili vumbi isipande. Dada yake mukubwa, Dative, njo alikuwa anatumwa kuokota ile mavi. Léopold alikuwa anatumwa kulala.

Alisoma primaire ku misioni mpaka mwaka wa tano. Siku moja padri alimukuta mu barza ya misioni, fasi yenye ilikuwa sima nyekundu ya kupakaa sira ya kungarisha, amelala, shavu chini.

"Weye, unafanya nini hapo?"

"Padri, nasikia baridi yake."

Alipigwa fimbo, akarudi tena kesho yake. Kichwa ilikuwa nguvu tangu zamani.

Mwaka wa 1981 alishuka Goma. Aliuzisha chumvi, kisha akaingia mu makaro ya kutandika chini ya nyumba, yenye alikuwa anaenda kupokea Bunagana, ku mupaka ya Uganda. Ile kazi aliijua, ata wenye hawakumupendaka wanakubali. Mama wa kununua akikuja ku depo yake kuchagua, alikuwa anamwaga maji juu ya karo, anamuambia atoe viatu: "Panda, mama. Ukiteleza hapa ku depo, ku douche utavunjika." Marbre, ile jiwe nyeupe yenye mishipa, alikuwa anaitonesha ndimu mu kona. Ikitoa povu, anasema: hii isione jikoni, nyanya na ndimu zitaikula. Jiwe ya volkano anaimwagia maji. Ikikunywa, anasema uipake dawa ya kuziba matundu, kama hapana, mafuta ya kukarangia itaingia na haitatoka tena. Alijua yote hiyo. Kwa nyumba za wengine.

Tarehe 6 mwezi wa munane 1983, alimuoa Annonciata Mukamugema, binti wa Masisi, mwenye kupenda usafi kupita sista. Mungu aliwapa watoto wane, wa kwanza Patricia. Nyumba yao ya Munigi, kando ya Goma, ilichomwa na volkano mwezi wa kwanza 2002. Annonciata akabeba watoto, akaenda kwa kaka zake, akamuachia neno moja:

"Léopold, muchanga nyeusi ya volkano nimeikula miaka kumi na munane. Sirudi Goma mpaka nipate nyumba yenye naweza kuosha."

Mwanaume wa kuuzisha makaro, bibi amemukimbia juu ya vumbi! Goma yote ilicheka. Kule Masisi kaka za bibi walikuwa wanasema afazali abakie kwao. Léopold hakulala, hakukula muzuri. Ilikuwa kumurudisha Annonciata ao kuzeeka peke yake kama mbwa.

Akajenga kule Katoyi, kartie ya Goma. Na hapo njo akili ilimutoka. Alichagua makaro nyeupe ya kungaa kama kioo, ile ile yenye alikuwa anakatazaka watu. Hakumwaga maji. Hakupanda miguu wazi. Alitaka tu Annonciata ajione uso ndani. Ku mulango akaweka marbre, juu ya kiburi. Mwaka wa 2004 Annonciata akakuja, akajiona uso, akafurahi. Ile furaha ilifika mpaka mvua ya kwanza.

Muchanga ya Goma inakata kama chupa. Kila kiatu kilichora mustari. Léopold akaanza kusimama ku mulango kama polisi: "Viatu inje! Viatu inje!" Ata muzee Bagalwa wa kanisa, mwenye alikuja kuombea nyumba, alimuambia vile. Muzee alikuwa na soksi ya matundu. Akageuka, akaenda na baraka yake. Annonciata naye alisugua marbre na ndimu ili ingae, ikabakia na mabaka kama uso wa mugonjwa wa surua. Léopold alifundisha Goma yote mambo ya ndimu, lakini bibi yake njo hakumufundisha.

Kisha Dative alikuja kusalimia, miguu maji, viatu inje kama alivyoamuriwa. Akateleza, akaanguka, mukono ukavunjika. Léopold alikimbia, akainama chini, akauliza:

"Karo haikupasuka?"

Hii neno Dative hakumusamehe, na leo hatamusamehe, ata sanduku iko mbele yake.

Annonciata alisikia pia. Akafunga valizi.

"Umenipa nyumba ya kuangalia. Miye nilitaka ya kukaa. Wageni hawaingie, watoto wanatembea kama wevi. Narudi kwetu."

"Ngoja kwanza, mama Patricia."

"Ningoje nini?"

"Ungoje nivunje haya makaro."

Akakamata nyundo, bado amevaa suruali yake ya misa, akaanza na saloni. Jirani wakazani ni wanapigana. Asubuhi yake akamupeleka Annonciata ku depo, akamutosha viatu, akamwaga maji, akasema: "Panda. Chagua weye." Annonciata akapanda yote, akachagua yenye ilikuwa inashika muguu, haingae, rangi ya vumbi yenyewe. Ku mulango wakatandika jiwe ya volkano ya kukatwa, wakaiziba matundu, lakini wakaiacha ikwaruze, ili ishike muchanga ya viatu mbele haijaingia. Tangu pale ni kufagia kwanza, kisha maji na sabuni kidogo, kisha kupanguza. Ndimu na Javel ya kufanya nguo nyeupe hazikaribie jiwe. Patricia alipoolewa, watu walicheza mu ile saloni na viatu mpaka jua ikatoka, na Papa Léopold njo alikuwa anaruka juu kupita wote.

Mwaka wa 2019 ugonjwa wa sukari ulimukamata. Miguu ikakufa ganzi, hakusikia tena baridi wala utelezi. Hakuacha kazi. Alikuwa anamwaga maji, anakaa ku kiti, anamuita Annonciata apande ku nafasi yake. "Inasema nini?" Annonciata anajibu: "Inateleza." Anaiweka pembeni. Watu walikuwa wanatoka mbali kuangalia ile tu.

Papa Léopold alikufa kwake Katoyi, siku ya kwanza ya kazi, tarehe 14 mwezi wa kumi 2024, saa ine ya asubuhi, bibi yake akimushika mukono.

Anaacha mujane wake Mama Annonciata Mukamugema; watoto wake Patricia, Lionel, Jeancy na Alliance; wajukuu tisa; na dada yake Dative, mwenye mukono unamuuma kila mvua.

Jana kaka za Annonciata walishuka toka Masisi na gari, wakaegesha mbele ya lupango ya nyumba. Mukubwa wao akasema: "Dada, panda tuende. Huyu mutu amekufa, Goma hauna tena kitu." Annonciata alikuwa anapanguza saloni. Hakusimama.

"Rudisheni gari. Miye niko kwangu."

Basi Léopold, ile yenye ulitaka umeipata. Mungu akulaze pazuri.