Bibi Rehani, Aliyemrudisha Shujaa Njiani

Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu na majirani mlioacha mashamba yenu kuja kumsindikiza mama yetu, familia inawashukuru, na inaomba mtusikilize.

Marehemu Rehani Yordani alizaliwa Dindira tarehe 4 Machi 1936, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1949, ingawa mwenyewe alisema shule yake hasa ilikuwa jikoni kwa bibi yake, aliyemlisha ngano za Kishambaa hadi usingizi ulipomshinda. Mwaka 1955 aliajiriwa kuchuma chai, na tarehe 12 Januari 1957 alifunga ndoa na Elia Semboja wa Mashewa, aliyetutangulia mwaka 1988, wakajaliwa watoto wawili, Habakuki na Tumaini.

Shamba la chai lilipouzwa na wafanyakazi kupunguzwa mwaka 1994, marehemu alihamia Korogwe mjini kwa Habakuki, ambaye mwaka 1998, bidhaa za nje zilipojaa madukani, alifungua kibanda cha gemu za televisheni, na kibanda hicho ndicho kilichowalisha. Lakini gemu moja ilikuwa na joka la vichwa saba na mizimu, baadhi ya wazee wa kanisa wakasema ni ibada ya mashetani, kibanda kifungwe. Marehemu aliwaomba wasihukumu wasichokiona, akaenda nao, akaketi kwenye benchi mbele ya vijana, kanga yake kichwani.

Alielezwa kwamba shujaa akishinda pambano hupewa pointi, na mchezaji huchagua azitie kwenye nguvu, mbio au uganga, na vijana wote walizitia kwenye nguvu, na wote joka liliwameza. Marehemu alitazama, kisha akauliza kuhusu kikongwe aliyeketi kando ya njia, macho yamejaa tongo, ambaye shujaa alimpita mbio. Walimjibu kwamba yule hana pointi, kila mtu humpita. Watoto hao hao, barabarani, wasingethubutu kumpita mkubwa bila salamu.

"Rudini mkamsalimu, mkamwoshe macho," alisema, "namjua huyo tangu ngano za jikoni kwa bibi yangu."

Habakuki alimrudisha shujaa, akamsimamisha mbele ya kikongwe, shujaa akamwosha macho, na hapo kikongwe akampa uganga ambao pointi hazinunui, na joka likainamisha vichwa vyake vyote, likalala. Mzee mmoja wa kanisa alivua kofia yake, na mama yetu alilia waziwazi, akashangaa kwamba watu wa ng'ambo, wasioijua hata Dindira, wanamjua bibi yule yule wa njiani. Mungu ni mkubwa, sisi wenyewe hatujamaliza kushangaa. Kibanda hakikufungwa, ila Jumapili kilisubiri ibada iishe.

Mwaka 2003 alianza kusumbuliwa na moyo, na vijana wa kibandani, sasa watu wazima, wengine kutoka Handeni, walipita kumsalimu kitandani, hakuna aliyempita. Alifariki Jumatano, tarehe 16 Juni 2004, alfajiri, Tumaini akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliolala nje nasi, na wachuma chai wenzake walioshuka milimani kwa miguu.

Mama, ulitufundisha kusimama mbele ya mkubwa, na leo tumesimama wote. Shikamoo. Marahaba yako hatutaisikia tena, tutaisubiri huko uliko, pumzika kwa amani.