Helvi Orvokki Rautio, Fundi Aliyefupisha Mkono wa Gia (1949–2024)

Familia imenipa mimi, Päivi Vehkaperä, binti wa mdogo wake, heshima ya kuwasomea, kwenye mazishi haya ya Petäjävesi, maisha ya shangazi yetu.

Helvi Orvokki alizaliwa Jumatano tarehe 9 Machi 1949 kijijini Multia, mtoto wa kwanza wa mzee Eino Vehkaperä, mkata magogo, na mkewe Saimi. Alizaliwa katika sauna ya nyumbani, kile chumba cha kuogea kwa mvuke, kama wengi wa rika lake, kwa sababu theluji ilikuwa imefunga barabara na mkunga alifika kwa farasi siku ya pili, akakuta kazi imekwisha na kahawa imechemka. Miaka mitatu baadaye alizaliwa mdogo wake wa pekee, Arvo, ambaye ni baba yangu.

Alisoma shule ya msingi hapo Multia, akapata kipaimara mwaka 1964. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha ufundi Jyväskylä kujifunza kukereza vyuma, akiwa msichana pekee darasani. Siku ya kwanza mwalimu alimwambia kwamba mashine haina huruma na nywele ndefu, basi achague. Kesho yake alifika amezikata hadi masikioni. Bibi Saimi alilia siku mbili. Helvi alizitunza nywele fupi maisha yake yote, akisema zinakauka haraka baada ya sauna.

Mwaka 1967 aliajiriwa katika karakana ya vyuma pale Jyväskylä na akadumu hapo miaka arobaini na miwili, hadi alipostaafu mwaka 2009. Alikereza shafti, pini na bushi za mashine za msituni. Lakini wengi wenu mlimfahamu kwa kazi nyingine, na hiyo ilianza kwa msiba mdogo wa nyumbani kwetu.

Novemba 1975 tawi la msonobari lilimwangukia Arvo begani akiwa kazini msituni. Mfupa ulipona ila bega la kulia liligoma. Vidole na kiganja vilikuwa na nguvu zake zote, lakini mkono haukuweza tena kunyooka mbele. Wakati huo alikuwa ameahidiwa kazi kwenye kiwanda cha mbao Keuruu, na hapakuwa na basi la kumfikisha kwa zamu ya asubuhi. Alikuwa na gari lake aina ya Escort alilolipenda, ambalo hata mbio za magari za barabara za msituni alishindana nalo. Sasa kila alipotaka gia ya kwanza au ya tatu, ilimbidi ainamishe mwili mzima mbele, macho yakaacha barabara. Februari alimwambia dada yake kwamba ameamua kuliuza.

"Umeshampata mnunuzi?" Helvi alimwuliza.

"Bado."

"Basi usimtafute. Niachie gari wiki mbili."

"Dada, bega ndilo bovu. Gari halina kosa."

"Bega siwezi kulikereza. Gari naweza."

Mkono wa gia, kama alivyozoea kutueleza akichora kwa uma juu ya kitambaa cha meza, huzunguka juu ya gololi. Juu ya gololi pana kipande kirefu unachokishika, chini yake pana kifupi kinachosukuma gia. Ukiinua gololi na kukirefusha kile cha chini, kile cha juu kitatembea safari fupi zaidi. Alikata, akakereza, akachomelea. Jaribio la kwanza alizidisha. Mkono ulitembea vidole viwili tu, lakini ulikuwa mgumu kama kisiki, na gia ya pili haikuingia kabisa. Arvo aliung'ang'ania hadi akatoka jasho, kisha akasema kwa upole, "Afadhali lile bega, dada." Helvi alichukua spana. Aliung'oa akaanza upya, akipunguza milimita kwa milimita, akaukunja juu ili kirungu cha kushikia kije karibu na goti la dereva. Mara hii Arvo alipitia gia zote nne huku mgongo wake umeegemea kiti. Akazipitia tena. Halafu akashuka, akasema hauzi tena.

Huko klabuni kwa wenye mbio za magari walimcheka. "Vehkaperä, dada yako kakutengenezea mwiko wa uji?" Arvo aliwaambia wasubiri.

Lakini gari lilipaswa kupita ukaguzi. Aprili 1976 Helvi alilipeleka mwenyewe Jyväskylä. Mkaguzi, kijana mwembamba, aliivua ile ngozi iliyofunika mkono wa gia, akagonga chuma kwa nyundo ndogo, akasikiliza.

"Nani kachomelea hapa?"

"Mimi."

"Umechomelea vizuri."

"Najua."

"Lakini gari silipitishi."

"Kama kazi ni nzuri, kwa nini hulipitishi?"

"Kwa sababu ndani ya hiyo nyama ya kuchomelea huoni wewe na sioni mimi. Siku ikikatika, mwenye gari atakuwa mteremkoni kwenye barafu, lori la magogo mbele yake, na kirungu mkononi bila kitu chini."

Helvi alirudi nyumbani amekasirika. Kwa siku tatu hakuongea na mtu, na kwetu hizo si siku nyingi, lakini yeye alikuwa msemaji. Siku ya nne aliukata ule mkono kwa msumeno, pale pale alipouunganisha, na ndani akakuta tundu dogo la hewa, dogo kama punje ya mtama. Alikiweka kipande hicho chini ya taa akakiangalia. Kisha akachukua nondo nzima ya chuma kigumu, akaukereza mkono mpya wa kipande kimoja, usio na kiungo popote. Ulimchukua jioni tisa.

Alipourudisha, alimwonyesha yule mkaguzi na kile kipande kilichokatwa, chenye tundu. "Ulikuwa sahihi," alimwambia. Mkaguzi alisema baadaye kwamba katika miaka sita ya kazi hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno hilo. Aliliendesha gari mwenyewe kilomita kumi, akarudi, akagonga mhuri. Arvo alianza kazi Keuruu Mei tarehe 3, akaifanya miaka thelathini na sita.

Mkaguzi huyo aliitwa Tauno Rautio. Wiki mbili baadaye alifika karakanani kuuliza swali kuhusu chuma, na wiki iliyofuata akaja na lingine. Mara ya tano Helvi alimwambia, "Tauno, maswali ya chuma yameisha. Uliza lililokuleta." Walifunga ndoa hapa Petäjävesi Jumamosi tarehe 17 Juni 1978, wakajaliwa watoto wawili, Marketta na Jouni.

Wale wa klabuni waliacha kucheka msimu wa 1977, Arvo alipoanza kuwapita kwenye kona, maana gia zake ziliingia kabla zao hazijafika nusu ya njia. Wakaja mmoja mmoja, kofia mkononi. Helvi aliwatengenezea, lakini foleni ilikuwa na sheria yake. Wenye mabega mabovu, wenye mikono iliyokakamaa kwa baridi yabisi, mama mmoja wa Keuruu aliyezaliwa na mkono mfupi, hao walitangulia. Dereva mmoja wa mbio alipolalamika, alijibiwa, "Wewe una shindano Jumamosi. Huyu ana maisha Jumatatu." Na kila mkono wa gia, wa mbio au wa sokoni, ulipita kwanza chini ya nyundo ya Tauno.

Agosti 2021 Helvi alipatwa na kiharusi kilichoudhoofisha upande wake wa kulia. Alijifunza upya kutembea, na kula kwa mkono wa kushoto. Marketta alipomletea gari linalobadilisha gia lenyewe, tulihofia atakataa. Alikaa ndani akakigusa kitufe cha gia kwa kidole kimoja. "Maisha yangu yote nimeufupisha mkono wa gia," alisema. "Hawa wameufupisha mpaka ukaisha. Wamenishinda." Akawasha gari, akatupeleka dukani.

Kiharusi cha pili kilimpata baada ya sikukuu za Noeli. Alifariki Alhamisi tarehe 11 Januari 2024 alfajiri, mumewe na watoto wake wakiwa kando ya kitanda. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne.

Ameacha mume, Tauno. Watoto, Marketta na Jouni. Wajukuu watatu, Elsi, Onni na Veera. Mdogo wake, Arvo. Na sisi tuliomwita shangazi.

Nilimwuliza mjomba Tauno angependa niongeze nini. Akasema, "Andika kwamba hakuwahi kwenda kulala akiwa amenikasirikia." Nikaandika. Akanishika mkono. "Hapana, futa. Si kweli. Andika kwamba asubuhi alikuwa akiniamsha na kahawa ili tumalizie ugomvi."

Mungu amlaze mahali pema, na udongo wa Petäjävesi uwe mwepesi juu yake.