Marcelina Masatu na Gauni la Kwaya

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Kitaji na ninyi wote mliofika hapa Butiama kumsindikiza marehemu, familia imekubaliana kwamba historia hii isomwe ilivyo, bila kuongezewa sukari, kwa sababu marehemu mwenyewe aliwahi kusikia msibani mlevi wa mtaa akiitwa nguzo ya jamii, akasema siku yake watu wasithubutu.

Marehemu Marcelina Masatu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1948 huko Kigera, Musoma, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Masatu Bernado, mvuvi na mkulima wa mihogo, na Mama Nyamburi, akabatizwa parokia ya Nyegina mwezi huo huo, na waliokuwepo wanasema alilia mpaka padre akafupisha sala.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, darasa la kwanza mpaka la nane, hakuchaguliwa kuendelea, akakaa nyumbani miezi michache akisuka mikeka iliyokwenda upande, ndipo mama yake akampeleka Nyegina kwa Sista Getruda, mtawa wa Kizungu aliyekuwa akifundisha wasichana ushonaji. Huko alikaa mwaka 1965 na 1966, akajifunza kupima mwili, kukata kwanza kwenye karatasi ya mfuko wa saruji kabla ya kugusa kitambaa, kutia kola na mkono, na kufumua bila kuchana. Sista alikuwa na kawaida ya kuwasimulia wasichana mavazi ya wanawake wa Ulaya ya zamani, jinsi walivyokazwa kiuno kwa mifupa ya nyangumi mpaka wakazimia kanisani, na jinsi walivyovaa sketi zenye matundu makubwa ya waya ndani yake kama ya kufugia kuku. Wenzake waliguna kwa heshima, Marcelina akainua mkono, akauliza, “Sista, sasa chooni walikuwaga wanaingiaje?” Sista akamjibu kwamba walihangaika sana, na hicho ndicho kilikuwa kipimo cha kwanza cha fundi, kujua mwenye nguo anakwenda kufanya nini ndani ya hiyo nguo.

Tarehe 27 Aprili 1968 alifunga ndoa na Ndugu Renatus Makongoro wa hapa Butiama, aliyekuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko Bunda, mahari ikatolewa ng'ombe, mmoja akiwa kiwete, na Mzee Masatu akafanya jambo ambalo wakwe walilishangaa, akauza dume moja katika ng'ombe hao, akanunua cherehani ya miguu, akampa binti yake aondoke nayo. Walijaliwa watoto wanne, Boniphace aliyezaliwa 1969, Eufrasia 1972, Clementi 1975, na Wankyo aliyezaliwa 1978 akafariki kwa surua kabla hajatembea, na marehemu hakupenda kuulizwa juu ya mtoto huyo, basi nasi tunaishia hapo.

Familia ilihamia Kitaji, Musoma mjini, mwaka 1979, na miaka iliyofuata hakuna mtu hapa asiyeikumbuka, sabuni hakuna, sukari hakuna, kitambaa ukikisikia kimefika duka la ushirika unakuta foleni imeshafika barabarani. Marehemu alishona kwa alichopata, akageuza shuka kuwa sare za shule, mifuko ya unga kuwa shimizi, suti ya marehemu mkwe wake kuwa kaptula za Boniphace, na uzi aliupata kwa kufumua nguo zilizokufa. Mwaka 1984 milango ya biashara ikaanza kufunguliwa, vitambaa vikarudi, lakini pamoja navyo yakaja marobota ya mitumba, na mafundi wa mtaani wakaanza kulia, maana mtu ananunua gauni la Ulaya limeshashonwa, kwa nini amsubiri fundi anayesema njoo kesho?

Marehemu hakulia, alisema mitumba ni walimu waliokuja bila kudai mshahara. Alikuwa akinunua gauni moja sokoni, anakaa nalo, analifumua mshono kwa mshono, analaza vipande juu ya karatasi ya saruji, anachora, kisha analishona tena, na kwa njia hiyo alijifunza mikato ambayo hakufundishwa na mtu. Na hapo hapo ndipo alipojikwaa.

Mwaka 1986 Sista Getruda, ambaye sasa alikuwa mzee, alitimiza miaka hamsini ya nadhiri, na kina mama wa kwaya ya Nyegina wakanunua bafta nyeupe, wakampa marehemu awashonee magauni mapya ya siku hiyo. Alikuwa amepata kwenye mitumba gauni jeupe zuri mno, refu, lesi shingoni, vifungo vidogo kifuani, lastiki mikononi, akalifumua, akachora vipande vyake, akawashonea kwaya nzima. Tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, kina mama wakaingia kanisani Nyegina wakiimba na kuyumba, weupe kama korongo, na Sista Getruda kwenye kiti cha mbele akaanza kutikisika mabega, watu wakadhani analia kwa furaha, kumbe anacheka. Baada ya Misa akawashika mikono, akasema, “Wanangu, mmependeza, lakini huko kwetu hizi tunavaa kitandani.”

Aliyasema kwa upole, lakini upole haukuyazuia kufika Bunda kabla ya jua kuzama. Waume wakasema wake zao wamemwimbia Mungu na nguo za kulalia. Mama Pelagia, mwenyekiti wa kwaya, yupo hapa na kama si kweli akanushe, alisimama mlangoni kwa marehemu akasema, “Marcelina, umetuvua nguo mchana kweupe, na tena tumekupa kitambaa wenyewe!” Wateja wakaja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa, mmoja anasema amepata msiba, mwingine anasema kitambaa kilikuwa cha dada yake, na watoto wa mtaani wakawa wakimpita wanajifanya kupiga miayo.

Renatus akachoka, akasema, “Jina limeshaharibika, uza cherehani tununue nyavu, angalau samaki hajui umevaa nini.” Jambo hili lilifika Kigera kwa Mzee Masatu, naye akatuma jibu moja tu, kwamba cherehani ile ni ng'ombe wake, akitaka kuiuza aje kwanza achukue mahari yake yote, pamoja na yule kiwete, naye amrudishe binti yake. Renatus hakuzungumzia tena nyavu.

Lakini cherehani bila wateja ni meza tu, na marehemu alilijua hilo. Alitembea hadi Nyegina, hakwenda kuomba pole, alimwambia Sista, “Nionyeshe kilichonidanganya.” Sista akachukua chaki, akachora mezani, akamwonyesha kwamba gauni lile linaning'inia kutoka mabegani mpaka chini bila kushika mwili popote, na kitambaa ni chepesi, basi mtu anaonekana ametoka kulala. Kisha akamsimulia kwamba miaka mia mbili iliyopita malkia mmoja wa Ufaransa alichorwa picha akiwa amevaa gauni jeupe jepesi la namna hiyo, watu wakapiga kelele kwamba malkia yuko na nguo za ndani, picha ikaondolewa, lakini haukupita muda mrefu wanawake wakubwa wakawa wanalivaa wao wenyewe, na baadaye Ulaya nzima ikatembea na magauni meupe yaliyofungwa mkanda chini ya matiti.

Marehemu akauliza, “Kwa hiyo dawa ni mkanda?” Sista akajibu, “Mkanda na bitana.”

Akarudi Kitaji, akapita nyumba kwa nyumba, akavumilia maneno, akayakusanya magauni yote isipokuwa la Mama Pelagia, aliyesema lake amelizoea kulalia na halirudi. Akayatia bitana, kitambaa cha pili kwa ndani, akapunguza upana wa mkono, akaweka kola ndogo, akashona mkanda wa samawati chini ya matiti, unafungwa nyuma. Krismasi ya mwaka huo kwaya ikaingia tena, na safari hii hakucheka mtu. Wajawazito ndio walioanza kuliagiza gauni hilo, kwa kuwa lilimpokea mtu na tumbo lake, wanyonyeshaji wakafuata kwa ajili ya vifungo, na kufikia mwaka 1988 lilikuwa likiagizwa kutoka Bunda na hapa Butiama kwa jina la gauni la kwaya, Renatus mwenyewe akiyabeba mafurushi kwenye basi. Waliomcheka waliagiza kwa kumtuma mtu mwingine, marehemu akawatambua kwa vipimo, akawashonea.

Kuanzia 1989 alifundisha wasichana nyumbani kwake, kwa ukali, na mafundi wengi wa kike mjini Musoma leo wamepita kwenye kofi lake. Mitumba iliendelea kujaa, wengine wakafunga vibanda, yeye akawa anashona na kurekebisha, kwa kuwa gauni la Ulaya, alisema, halijui makalio ya Mara.

Alianza kuugua kisukari mwaka 1994, akatibiwa Musoma na baadaye Mwanza, macho yakapungua, akawa anapapasa mshono kwa kidole na kuutoa kasoro zaidi kuliko alipokuwa anaona. Alifariki nyumbani Kitaji tarehe 14 Machi 1997, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kitaji waliokesha, jumuiya, kwaya ya kina mama wa Nyegina na mafundi wenzake waliofunga kazi leo. Wenye vitambaa kwake waende kwa binti yake Eufrasia, atakayevimalizia, vimeshatiwa chaki na kukatwa, na familia inaomba mtu asivipeleke kwa fundi mwingine abadilishe mkato, kwa sababu wateja watatu tayari wameulizwa, na wote wamesema afadhali wasubiri mkato wa Marcelina.

Pumzika kwa amani, Marcelina, kazi iliyobaki wataimaliza wengine, taratibu na kwa kufumua fumua, lakini wataimaliza.